Maji ya Magotini: Hatari za Mito ya Trauti

Trauti hana asili ya Afrika Mashariki, aliletwa. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na vifaranga wakaachiliwa katika Mto Gura unaoteremka kutoka milima ya Aberdare. Mwaka 1910 trauti wa upinde wa mvua wakafuata kutoka Afrika Kusini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, kituo cha Kiganjo karibu na Nyeri kimekuwa kikizalisha vifaranga wa kupandwa mitoni. Leo samaki huyu yuko Gura, Chania, Mathioya, Ragati, Thego, Burguret na mito mingine inayotoka Aberdare na Mlima Kenya. Yuko pia kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na upande wa Tanzania alipandwa katika mito ya Usambara na ya Nyanda za Juu Kusini.

Samaki aliletwa pamoja na namna yake ya kuvuliwa: ufito mrefu, nzi bandia aliyefungwa kwa manyoya na uzi, na mvuvi aliyesimama katikati ya mto maji yakimfika mapajani. Picha hiyo imetoka kwenye mito mipana ya Scotland kama Spey na Tay, na imekuwa ndiyo sura ya mchezo wenyewe. Kijana wa Nyeri anayeanza kuongoza wageni huipokea bila kuihoji, na mgeni anayelipia siku nzima ya kuvua huitarajia. Swali la uchambuzi huu ni kama picha hiyo inafaa katika mito yetu, na kinachomkuta anayeingia majini bila kujua anasimama juu ya nini.

Anachokipenda samaki

Trauti ana masharti. Hustawi katika maji yenye joto la kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi, na joto likipanda hadi nyuzi 24 au 25 maisha yake yamo hatarini. Anataka maji yenye oksijeni nyingi, nayo huingia pale mto unapopasuka kwenye mawe na kutoa povu. Anataka changarawe safi ya kutagia, isiyozibwa na tope. Anataka pia maficho: mwamba mkubwa, mzizi uliochomoza ukingoni, gogo lililoangukia majini, kivuli cha msitu.

Masharti hayo, moja baada ya jingine, ni hatari kwa binadamu. Maji baridi humkata mtu pumzi na kumlegeza viungo. Povu ni dalili ya mteremko, na mteremko ni kasi. Changarawe safi haikai mahali pamoja. Huhama chini ya mguu. Mwamba hushika mguu, gogo hushika mwili mzima, na msitu una wenyewe wenye pembe na mikonga. Katika ukanda huu wa ikweta, maji ya namna hiyo hayapatikani ila juu milimani, mbali na barabara, mbali na zahanati, na mara nyingi pasipo na mtandao wa simu.

Kwa hiyo mvuvi wa trauti hakutani na hatari kwa bahati mbaya. Anaifuata, kwa sababu inakaa nyumba moja na samaki wake. Tofauti yake na mvuvi wa ziwani au baharini ni kwamba yule anajua yuko juu ya kilindi na anakiheshimu, ilhali huyu anaona mawe ya chini, anaona maji ni ya magotini, na anajiambia kwamba hakuna wa kufa maji hapo.

Kasi kuliko kina

Kosa la kwanza ni kuupima mto kwa kina chake. Msukumo wa maji hauongezeki sawasawa na mwendo wa maji: mwendo ukizidi maradufu, msukumo huzidi mara 4. Hesabu si ngumu. Mtu mzima aliyezama hadi juu kidogo ya magoti anaukabili mto kwa eneo la miguu miwili. Maji yakienda nusu mita kwa sekunde, yanamsukuma kwa nguvu ya kilo 2 au 3, na hahisi lolote. Yakienda mita 1 kwa sekunde, msukumo ni kama kilo 10. Yakifika mita 2 kwa sekunde, jambo la kawaida mahali penye mteremko, ni kama kilo 40. Kina hakijabadilika hata kidogo, lakini mtu aliyekuwa amesimama sasa anaangushwa.

Kinapoongezeka kina, jambo la pili huanza kazi. Maji humnyanyua mtu. Aliyezama hadi kitovuni hubeba kwa miguu yake karibu nusu tu ya uzito wake. Aliyezama hadi kifuani hubeba takriban theluthi moja. Uzito ndio unaoshikilia soli kwenye jiwe. Basi kila hatua ya kuingia ndani humwongezea mvuvi msukumo na kumpunguzia mshiko, yote mawili kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu hakuna onyo la taratibu: hatua kumi zinakuwa salama, ya kumi na moja inakuwa imekwisha. Idara ya hali ya hewa ya Marekani imekuwa ikiwaonya wananchi wake kwamba maji ya mafuriko yaendayo kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, yanatosha kumwangusha mtu mzima. Wengi hawaamini mpaka yawapate.

Kuna kipimo kisichohitaji chombo. Tupa kijiti majini, kisha tembea ukingoni sambamba nacho kwa mwendo wako wa kawaida. Kikikuacha, usiingie. Kanuni hii inafundishwa sana New Zealand, nchi ambayo katika karne ya 19 ilipoteza walowezi wengi mitoni kiasi kwamba kufa maji kuliitwa kifo cha New Zealand. Nayo pia ni nchi iliyoletewa trauti, tangu miaka ya 1860, na leo ni miongoni mwa nchi zinazosifika zaidi duniani kwa uvuvi huo. Wenyeji wake walijifunza kwa kuzika.

Macho nayo hudanganya. Mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani, hivyo kina cha mita 1 kikitazamwa kutoka juu huonekana kama sentimita 75. Mto safi wa milimani, ambao kila jiwe lake linaonekana kwa rangi yake, hudanganya kuliko mto wenye tope, maana wenye tope angalau humtia mtu shaka. Miwani ya kukata mng'ao humsaidia mvuvi kuona samaki, na humsaidia zaidi kuona shimo lililo mbele ya mguu wake.

Njia ya kwenda isiyo ya kurudi

Mtego mmoja unastahili kuelezwa hatua kwa hatua, kwa sababu humnasa hata mzoefu.

Mto unapopinda au kupanuka, changarawe hujikusanya na kufanya ulimi wa maji mafupi unaoelekea chini ya mto, huku pande zote mbili kuna kina. Mvuvi anaona trauti akivunja uso wa maji upande wa pili, mbali kidogo kuliko uzi wake unavyofika. Anaingia kwenye ulimi ule. Maji ni ya magotini, changarawe ni laini chini ya buti, na kila hatua ni nyepesi kwa sababu mkondo unamsukuma kutoka nyuma. Anatupa uzi, haufiki. Anasogea hatua mbili. Anatupa tena. Samaki anajitokeza tena, mbali kidogo. Anasogea.

Sasa maji yako mapajani na ulimi umekwisha. Mbele ni kilindi, kulia na kushoto ni kilindi, na njia pekee ni ile aliyojia. Anageuka. Kwa muda wa kugeuka anakuwa amekaa ubavu, na mkondo unampata mwili mzima. Akisimama kutafakari, maji yanachimba changarawe chini ya visigino vyake, na anajihisi anazama sentimita moja, kisha nyingine. Akiinua mguu kupiga hatua ya kupanda, anabaki juu ya mguu mmoja unaoteleza, akipambana na msukumo ule ule uliokuwa ukimsaidia alipokuja. Dakika moja kabla alikuwa anavua. Sasa hana pa kwenda, wala hapakuwa na kishindo, wala mto haujaongezeka hata tone.

Kanuni inayotokana na hapo ni fupi: kabla ya kila hatua ya kwenda mbele, jiulize kama unaweza kuirudi. Kama mkondo ndio unaokupeleka, jibu huwa hapana. Mwenye busara huingia sehemu ya chini na kuvua akipanda, mto ukimpinga tangu mwanzo, ili atakapochoka au kuogopa, njia ya kurudi iwe ndiyo rahisi. Na akilazimika kugeuka, ageukie upande mto unakotoka. Maji yanayomgonga mtu nyuma ya magoti humkunja.

Namna ya kutembea nayo ina utaratibu. Mwili ukae ubavu kidogo ili mto upate eneo dogo la kusukuma. Mguu usiinuliwe juu. Uburutwe chini, utafute nafasi kati ya mawe badala ya kupanda juu yake, maana juu ya jiwe kuna utelezi wa mwani. Mguu wa mbele ukishatulia ndipo wa nyuma ufuate, na miguu isipishane. Bakora iwe upande mto unakotoka, ili mkondo uikandamize chini, na isogezwe wakati miguu yote miwili imetulia. Kwa njia hiyo mtu huwa na nguzo mbili zilizosimama kila wakati. Wanaovuka wengi washikane na kusogea pamoja, aliye mzito na mwenye nguvu akikaa upande wa juu.

Mguu ulionaswa

Mtu akianguka, hamu yake ya kwanza ni kusimama. Hapo ndipo mito ya mawe inapoua. Mguu ukishuka katikati ya mawe mawili huku mwili ukisukumwa na mkondo, mguu hukaza kama kabari. Mwili hulala kifudifudi kuelekea chini ya mto, na maji hupita juu ya mgongo na kukibonyeza kichwa chini. Kuogelea hakusaidii, maana mtu haendi popote. Kina kinachotosha kwa msiba huo ni cha mapajani.

Kwa hiyo waokoaji wa mitoni duniani kote hufundisha kinyume cha hamu hiyo. Ukianguka penye kasi, lala chali, miguu mbele kuelekea uendako mto, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji, magoti yamekunjwa kidogo ili yapokee mgongano na mawe. Acha ufito uende. Tumia mikono kujisogeza kwa mshazari kuelekea ukingo wenye maji matulivu. Usijaribu kusimama mpaka makalio yaguse chini. Ni mafunzo ya dakika tano, na kuyafanyia mazoezi mahali salama siku ya jua kunafaa kuliko kuyasoma mara mia.

Yapo mawili yanayovunja kanuni hiyo ya kulala chali. La kwanza ni gogo au mti ulioanguka. Maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti. Hubanwa hapo na uzito wote wa mto. Ukiona unapelekwa kwenye matawi na huwezi kuyakwepa, geuka kifudifudi, uyaendee kwa kichwa, na ujirushe juu yake kwa nguvu zako zote kabla maji hayajakuvuta chini. La pili ni kizuizi cha zege kinachokatiza mto. Milima ya kati ya Kenya ina vizuizi vingi vya kuchotea maji ya miradi ya vijiji na ya vituo vidogo vya umeme, kama kile cha wakulima wa chai chini ya KTDA kwenye Mto Gura. Chini ya kizuizi cha namna hiyo maji hujizungusha na kurudi nyuma, na kinachoingia humo, gogo au mtu, huzungushwa bila kutoka. Kwa macho panaonekana maporomoko mafupi yasiyomfika mtu kiunoni. Mvuvi asisimame juu ya kizuizi wala chini yake, hata kama samaki wamejaa hapo, na mara nyingi huwa wamejaa.

Baridi

Wengi hudhani baridi ya maji huua polepole kwa kushusha joto la mwili. Hilo hutokea, lakini si la kwanza. Utafiti wa Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth na wenzake umeonyesha kwamba hatari ya mapema zaidi ni mshtuko wa dakika za mwanzo. Ngozi ikipatwa na maji yaliyo chini ya nyuzi 15 ghafla, mtu huvuta pumzi kubwa bila kutaka, kisha huhema haraka asiweze kujizuia, na moyo hupiga mbio. Kama pumzi ile ya kwanza ilivutwa kichwa kikiwa chini ya maji, mambo yanaweza kuishia hapo. Mito mingi ya trauti imo ndani ya kipimo hicho asubuhi, hata pale jua la ikweta linapowaka juu yake.

Baada ya mshtuko hufuata ulegevu. Damu hukimbilia ndani, vidole vinakuwa vigumu, na mtu hushindwa kushika mzizi ulio mbele yake au kufungua kamba ya buti. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba amelifupisha kwa hesabu ya 1, 10 na 1: katika maji yanayokaribia barafu, mtu ana dakika 1 ya kuitawala pumzi yake, dakika 10 za kutumia viungo vyake, na saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Maji yetu si ya barafu, na muda huo ni mrefu zaidi kwetu, ila mpangilio ni ule ule. Kwanza tuliza pumzi huku ukielea, kisha tumia mikono kabla haijakufa ganzi.

Hata aliyetoka salama bado hajamaliza. Kwenye mita 2,500, jioni ikiwa inaingia na ukungu unashuka, nguo zilizolowa zinaendelea kumnyonya joto. Mtu anayetetemeka ni wa kubadilishiwa nguo na kupewa chai ya moto yenye sukari. Mtu aliyeacha kutetemeka huku bado amepoa na anaongea maneno yasiyoshikana ni wa kubebwa kwa uangalifu hadi hospitali. Pombe asipewe. Hupasha uso tu, na huruhusu joto kutoka ndani.

Mvua usiyoiona

Bonde la mto wa milimani ni jembamba na refu. Mvuvi amesimama sehemu moja ya bonde hilo, ilhali maji yanayomfikia yamekusanywa na kilima chote kilicho juu yake. Katika majira ya masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, mawingu hujikusanya kileleni mchana na kunyesha huko huku mabonde ya chini yakiwa na jua. Kwenye mwinuko wa aina hiyo maji hayachelewi. Karuru, tawi la Gura, huanguka mita 273 kwa ngazi tatu. Kinachonyesha juu ya ngazi hizo hakina pa kupumzikia.

Dalili zipo kwa anayetazama. Maji yanaanza kubadilika rangi, kutoka weupe wa kioo hadi rangi ya chai ya rangi. Majani makavu na vijiti vinaanza kuelea, kwa sababu maji yanayopanda huokota takataka za ukingoni kabla ya kitu kingine chochote. Jiwe lililokuwa kavu sasa limelowa. Sauti ya mto inabadilika, na katika mafuriko makubwa husikika mawe yakigongana chini. Mvuvi makini huchomeka kijiti mchangani mahali maji yanapoishia anapofika, kisha hukitazama kila anapobadilisha nzi. Kijiti kikizamishwa, anatoka, na anatokea upande alioachia gari, si ule ulio karibu. Kukwama ng'ambo ya mto unaofurika huwafanya watu wajaribu kuvuka wakati ambao hata ng'ombe amekataa.

Nchi nyingine zina mafuriko yenye ratiba. Kusini mwa Marekani, trauti wengi wanaishi chini ya mabwawa ya umeme, katika mito ambayo zamani ilikuwa na joto na sasa inapokea maji baridi ya chini ya bwawa. Mto White chini ya Bwawa la Bull Shoals, Arkansas, na Chattahoochee chini ya Bwawa la Buford, Georgia, ni mifano inayojulikana. Mitambo ikiwashwa, king'ora hulia na mto hupanda kwa haraka, bila wingu lolote angani. Wavuvi wa huko husoma ratiba ya umeme kabla ya kufunga ndoana. Kwetu hali haijafika hapo kwenye mito ya trauti, ila vituo vidogo vya umeme vinaongezeka, na maji yanayozuiwa na kuachiwa yanamhusu yeyote aliye chini, awe anavua, anafua au anavuka kwenda shule.

Walio ukingoni

Mito ya Aberdare na Mlima Kenya inapita katika makao ya tembo na nyati. Hili halimo katika vitabu vya uvuvi vya Ulaya, na hapa linabadilisha hesabu nzima. Kelele za mto humzuia mvuvi kusikia tawi linalovunjika, na humzuia mnyama kusikia mtu anayekuja. Wawili wanakutana kwa ghafla kwenye kichaka, na nyati aliyeshtuliwa hapendi kurudi nyuma. Mvuvi naye anakimbilia majini bila kuchagua mahali, na hatari moja inamkabidhi kwa nyingine. Ndani ya hifadhi ni vyema kufuatana na askari wa wanyamapori, na popote pale ni vyema mmoja wa kundi asivue kabisa kwa zamu, kazi yake ikiwa kutazama ukingo na mto. Radi nayo isisahaulike: ufito wa kisasa wa nyuzi za kaboni hupitisha umeme, na anayeuinua juu katikati ya mto mvua ikianza amejifanya mlingoti.

Suruali, mkanda na soli

Mjadala wa wavuvi kuhusu hatari hizi huishia mara nyingi kwenye vifaa, na hasa kwenye suruali ndefu zisizopenya maji zinazofika kifuani. Kuna imani ya zamani kwamba zikijaa maji humzamisha mvuvi kama nanga, au kwamba hewa iliyobaki miguuni humgeuza kichwa chini. Mvuvi na mwandishi wa Kimarekani Lee Wulff aliijibu katika miaka ya 1940 kwa kujirusha darajani akiwa amezivaa, akaingia Mto Battenkill na kuogelea hadi ukingoni. Maji yaliyo ndani ya suruali hayana uzito mtu akiwa majini. Ubaya wake uko kwingine: suruali isiyofungwa mkanda hufunguka mdomo na kushika mkondo, na mtu akifika ukingoni, kila lita iliyo ndani inakuwa kilo ya kuinua. Mkanda uliokazwa kiunoni hupunguza yote mawili, na bei yake ni ndogo kuliko ya nzi watatu.

Soli ni suala gumu zaidi. Kwa miaka mingi soli za felti, sufu iliyogandamizwa, zilisifiwa kwa kushika mawe yenye mwani. Lakini felti hukaa na unyevu kwa siku nyingi na kusafirisha viumbe vya mto mmoja hadi mwingine. New Zealand ilizipiga marufuku mwaka 2008 kwa kuhofia kuenea kwa mwani vamizi wa didimo. Wengi sasa wanatumia mpira wenye meno ya chuma. Kwetu kifaa cha kawaida ni gambuti la shambani, na ni kifaa kibaya kwa kazi hii: soli yake huteleza kwenye jiwe, mdomo wake mpana hunywa maji kwa hatua moja, na hutoka mguuni penye tope. Afadhali viatu vya zamani vya kufunga kwa kamba, na miguu ikubali kulowa.

Hata hivyo, vifaa vina madhara yao ya kimyakimya. Aliye na bakora, soli nzuri na suruali ya kifuani hufika mahali ambapo asiye navyo asingethubutu, na huko ndiko anakoangukia. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na suruali ya kifuani humwalika mtu akayafikie.

Kwa nini uingie?

Hapa ndipo hoja za uvuvi na hoja za usalama zinapokutana, jambo lisilotajwa vya kutosha. Mito mingi ya trauti ya Kenya ni myembamba. Ukiwa ukingoni, ufito mfupi unafika ng'ambo. Trauti husimama akiielekea asili ya mto, chini ya ukingo uliochimbika, nyuma ya jiwe, kando ya mzizi, na mara nyingi hatua mbili tu kutoka nchi kavu. Mtu anayeingia majini hukanyaga pale pale samaki alipo, husukuma mawimbi mbele yake, hugonga mawe, na huchafua maji yanayoshuka kwa samaki walio chini. Anayepiga magoti nyuma ya kichaka na kuvua kwa uzi mfupi akipanda mto huwaona wengi zaidi. Spey ina upana unaomlazimu mvuvi kuingia. Ragati haina.

Basi kuingia majini kwetu kuwe ni ubaguzi wenye sababu: kuvuka kwenda ukingo ulio wazi, kukwepa mwamba, au kumfikia samaki asiyefikika kwa namna nyingine. Na kila sababu ipimwe kwa maswali yanayoulizwa nchi kavu. Kijiti kinanipita? Nikianguka hapa nitapelekwa wapi, kwenye kidimbwi kitulivu au kwenye magogo? Nitarudi kwa njia gani? Kama swali moja halina jibu zuri, samaki huyo ni wa siku nyingine.

Anayepaswa kuyauliza zaidi ni kijana anayewaongoza wageni, kwa kuwa ndiye anayejua mto na ndiye anayeona aibu kumkatalia aliyelipa. Vyama vya waongozaji, nyumba za wageni na idara zinazotoa leseni za uvuvi zingefanya kazi kubwa kwa gharama ndogo kama neno la mwongozaji kuhusu kuingia majini lingekuwa la mwisho na mgeni akaambiwa hivyo kabla hajavaa buti. Kamba ya kuokolea ya mita 15 ndani ya mfuko, nguo kavu, chupa ya chai na mtu mmoja anayejua saa ya kurejea kwao vingetosha kuwa masharti ya kuanzia. Mchezaji wa kriketi haingii uwanjani bila pedi kwa sababu mgeni anapenda picha nzuri. Mwongozaji wa mtoni naye ana haki ya kusema tunavua kutoka ukingoni leo, na kueleza kwamba huko ndiko samaki waliko.